Kilemba Juu ya Dagaa

"Hivi, Mama Mihayo, yule Singasinga wako anaficha nini kichwani?"

Swali hilo Wilhelmina alimwuliza jirani yake Evelina asubuhi moja, wanawake wa Igogo, Mwanza, wakiwa mwaloni kando ya ziwa wanaanika dagaa. Aliuliza kwa sauti kubwa, maana Wilhelmina hakuwa na sauti nyingine. Wanawake wote waligeuka kusikiliza.

"Anaficha dola," alidakia Chenge, kijana aliyekuwa akinunua dagaa na kuwapeleka Shinyanga. Chenge alivaa kofia ya mtumba, yenye ukingo mrefu mbele, kila siku ya Mungu. "Siku hizi nani anaamini benki? Mzee yule benki yake iko kichwani."

"Labda ana kipara," alisema mwanamke mwingine.

"Labda ana pembe!" alisema Wilhelmina, na mwalo mzima ukacheka.

Evelina hakucheka. Alisema tu, "Mimi nafua nguo zao. Siulizi."

Evelina alikuwa mjane. Mumewe alimwachia mtoto mmoja, Mihayo, na nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe ya Igogo. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mitumba ilijaa kila mahali. Viwanda vya minofu vilikuwa vimejengwa kando ya ziwa, na sangara wote walikuwa wakienda huko. Wanawake walibaki na dagaa. Evelina hakuwa na mtaji hata wa dagaa, kwa hiyo alikuwa akifua nguo kwa Mzee Harnam Singh, fundi wa injini za boti. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na Mihayo.

Mzee Harnam alizaliwa Mwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza, na wavuvi aliwasalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka!" angeita kutoka karakanani, na wao wangemwitikia kwa furaha. Lakini watu wengi walikiona kilemba kwanza, ndipo wakamwona yeye. Hakuna aliyewahi kumkuta kichwa wazi. Awe chini ya boti, mikono imejaa grisi, kilemba kilikuwa mahali pake. Jua liwe kali, mvua inyeshe, kilemba kilikuwa mahali pake.

Kila wiki Evelina alifua vilemba vya nyumba ile. Mke wa mzee, Mama Surjit, alikuwa amempa masharti tangu siku ya kwanza.

"Usikiweke chini. Usikichanganye na soksi wala nguo za ndani. Usikiruke kwa miguu. Kikikauka, niite tukikunje pamoja."

Evelina alishika masharti hayo yote, lakini hakuwahi kuuliza sababu. Aliona kazi ya mfuaji ni kufua.

Wiki moja mabomba ya mjini yalikauka. Mama Surjit alimfungia Evelina nguo akafulie nyumbani kwake, maana Igogo ziwa liko karibu. Juu ya furushi aliweka kitambaa kimoja peke yake, chepesi, kirefu, cha manjano kama embe lililoiva.

"Hiki kilikuwa cha baba mkwe wangu, Mungu amrehemu," alisema. "Jumapili mjukuu wetu Manjit anafungwa kilemba kwa mara ya kwanza. Tutamfunga hiki. Kifue kwa mkono wako mwenyewe, Evelina. Ninakuamini."

"Sawa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Evelina alikifua vizuri. Alikianika juu ya kamba ndefu aliyoifunga kutoka jiwe hadi jiwe, peke yake, mbali na nguo nyingine. Upepo wa ziwa ulikiinua, kikawa kinacheza. Kisha aliona muda wa sala ya jumuiya umefika. Wilhelmina alikuwa karibu, ameanika dagaa wake juu ya jiwe pana.

"Mama Tereza, niangalizie nguo zangu. Naenda jumuiya."

"Nenda kasali, utuombee na sisi tunaonuka samaki," alisema Wilhelmina.

Evelina akaenda. Hakumwambia kile kitambaa cha manjano ni cha nani, wala kina kazi gani Jumapili.

Aliporudi, kamba ilikuwa tupu katikati. Soksi zilikuwepo. Mashuka yalikuwepo. Kitambaa cha manjano hakikuwepo.

Alitazama chini, akakiona. Kilikuwa kimetandazwa juu ya dagaa wa Wilhelmina, kutoka mwanzo wa jiwe hadi mwisho wake. Magamba yalikuwa yameganda juu yake. Ndege walikuwa wameshakichafua. Pembe tatu zilikuwa zimekandamizwa kwa mawe, na pembe ya nne ilikuwa imekandamizwa kwa ndala za Wilhelmina.

Evelina akakimbilia pale.

"Mama Tereza! Umefanya nini?"

"Nimeokoa dagaa wangu," alisema Wilhelmina. "Wale korongo wenye vipara wamenijia kama wamealikwa harusi! Nikatazama huku na huku, nikaona hicho. Kirefu, chepesi, jua linapita. Nikasema, huyu Mungu ananijali."

"Hiki ni kilemba!"

"Najua ni kilemba. Kwani kimekufa? Kitambaa si ni kitambaa?"

"Umekiwekea ndala, Mama Tereza. Ndala!"

"Mawe yalikuwa yameniishia."

Evelina aliziondoa ndala zile kwa mkono wake. Alikitoa kitambaa taratibu, akakikung'uta, akakinusa. Harufu ya dagaa ilimpanda hadi machoni.

"Sikiliza," alisema Wilhelmina, sasa kwa sauti ya chini kidogo. "Fua upya, piga pasi, nyamaza. Nani atajua? Mji huu mzima unanuka dagaa."

Evelina alikaa juu ya jiwe. Akilini alimwona Mama Surjit akisema, "Ninakuamini." Alijua kwamba akiikosa kazi ile, yeye na Mihayo hawana pengine pa kushika. Alijua pia kwamba Wilhelmina alisema kweli: huenda hakuna ambaye angejua.

"Nimetoka kusali sasa hivi," alisema mwishowe. "Siwezi kutoka kwenye sala nikaingia kwenye uongo, hata sijavua kitambaa changu cha kanisani. Twende."

"Twende nani?"

"Mimi na wewe. Nikienda peke yangu nitakutaja, na hutakuwepo kujitetea."

Wilhelmina alifikiri kidogo. "Una maneno wewe, kwa mtu mnyamavu," alisema. Akamwita binti yake Tereza aangalie dagaa, akavaa ndala zake, wakaondoka.

Mzee Harnam alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Alikuwa amekaa barazani na kilemba kidogo cha nyumbani. Mama Surjit alikuwa akichagua mchele.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama," alisema Evelina.

"Marahaba. Mbona mapema hivi?" aliuliza Mama Surjit. Kisha akaona kitambaa mikononi mwa Evelina. Akaweka sinia chini.

Evelina alieleza yote. Hakuficha korongo, wala magamba, wala ndala. Alipofika kwenye ndala, Mama Surjit aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

"Kilemba cha baba!" alisema. "Evelina, nilikwambia nini mimi?"

"Uliniambia, mama. Mimi sikumwambia huyu jirani yangu. Nilimwachia aangalie kitu asichokijua."

Mzee Harnam alinyoosha mkono, akakipokea kitambaa. Alikiweka mapajani, akaanza kubandua magamba moja moja. Kisha alikinusa.

"Dagaa wa leo hawa," alisema. "Dagaa wazuri."

Wilhelmina, ambaye tangu waingie alikuwa akitazama miguu yake, aliinua macho. "Wa leo kabisa, mzee," alisema.

"Na wewe ndiye uliyeniwekea ndala?"

"Ni mimi, mzee. Mawe yaliniishia."

"Kama ingekuwa ndala ya mtu anayejua, ningehuzunika sana. Wewe umejua leo." Mzee alimtazama. "Au hujajua bado?"

Wilhelmina hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. "Sijajua, mzee. Tena mimi ndiye ninayewauliza watu kila siku. Samahani nikikuuliza na wewe. Unaficha nini humo?"

Evelina alitamani ardhi immeze. Lakini mzee alicheka hadi ndevu zake zikatikisika.

"Kumbe ndilo swali lenyewe! Mbona miaka yote hii mtu hajaja kuniuliza mimi? Kaeni. Mama Surjit, wape chai."

Mama Surjit alikuwa bado na uso mzito, lakini alileta chai ya maziwa yenye iliki.

"Ninaficha nywele," alisema mzee. "Sijazikata tangu nizaliwe. Dini yetu inatufundisha hivyo. Mungu ndiye aliyeziotesha, nani amemwambia kazi yake haijaisha? Basi hatuzikati. Lakini hatuziachi ovyo pia. Asubuhi nazichana, jioni nazichana, nazifunga fundo juu. Ndipo nafunga kilemba ziwe safi, zitulie."

"Kila siku unafunga upya?" aliuliza Wilhelmina.

"Kila siku. Si kofia hii, ya kuvua na kutundika msumarini. Naanza mwanzo hadi mwisho, huku nasali. Siku yangu inaanzia hapo."

Evelina aliguswa na maneno hayo. Na yeye kila asubuhi alijifunga kitambaa chake kichwani kabla ya kupiga goti. Hakuwahi kuona kwamba yeye na mzee yule walikuwa wakifanya jambo linalofanana, saa ile ile, chini ya kilima kimoja.

"Lakini si nywele tu," alisema Mama Surjit. Sauti yake ilianza kulainika. "Waeleze habari ya wakubwa."

"Ee. Zamani, huko walikotoka babu zetu, kilemba kizuri kilikuwa cha wafalme na matajiri. Maskini akikivaa anaonekana amejipandisha. Walimu wetu wa dini wakakataa. Wakasema, mbele ya Mungu hakuna kichwa kikubwa na kichwa kidogo. Kila mtu avae, mfagiaji na mfalme. Kwa hiyo baba yangu alipokuja hapa Mwanza, hakuwa na kitu. Alilala juu ya magunia bandarini. Lakini asubuhi alijifunga hiki cha manjano, akatembea kama mtoto wa mfalme."

Wilhelmina alikitazama kitambaa kile mapajani mwa mzee. Hakusema kitambaa ni kitambaa.

"Na tena hatukivai tujifiche," mzee aliendelea. "Tunavaa tuonekane. Mtu akiwa na shida sokoni, anipate upesi. Mimi nikifanya uovu, siwezi kupotelea katika watu. Wote watasema, ni yule mwenye kilemba. Kinanilinda mimi mwenyewe nisiharibike."

"Na wanawake?" aliuliza Evelina. Lilikuwa swali lake la kwanza katika nyumba ile tangu aanze kazi.

Mama Surjit aligusa mtandio wake. "Wengi wetu tunajitanda hivi. Wako wanaofunga kilemba kama wanaume. Na hekaluni kwetu, kila anayeingia anafunika kichwa. Mwanamume, mwanamke, mtoto, Singasinga, Msukuma, yeyote. Kila mtu anafunika, na kila mtu anavua viatu."

Wilhelmina alizitoa ndala zake polepole miguuni, akazisukuma chini ya kiti. Halafu akavuta kanga kutoka mabegani, akajitanda kichwani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Mama," alimwambia Mama Surjit, "kitasafishika?"

"Nguo ikichafuka inafuliwa," alijibu Mama Surjit. Alisimama. "Lakini leo utafua wewe. Evelina atakuonyesha."

Mabomba bado yalikuwa makavu, lakini jikoni kulikuwa na mtungi wa maji ya akiba, yanayotosha kitambaa kimoja. Evelina alimfundisha Wilhelmina pale uani. Maji yawe ya baridi, maana ya moto yanaishikiza harufu ya samaki kwenye uzi. Kwanza suuza tu, bila sabuni, magamba yaondoke. Kisha loweka kwenye maji yenye ndimu. Kisha sabuni, kwa viganja, bila kusugua kama gunia. Beseni likae juu ya kigoda, si chini. Wilhelmina alifua huku anapumua kwa nguvu. Alisuuza, akanusa, akaloweka tena. Alinusa tena.

"Bado dagaa mmoja anaongea," alisema. Akakamua ndimu nyingine.

Mwisho Mama Surjit mwenyewe alinusa. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Wakakitia kwenye maji ya wanga mwepesi, wakakianika kivulini.

Ilipofika kazi ya kukunja, Mama Surjit alishika ncha moja, kama kawaida. Evelina alitaka kushika ya pili. Mama Surjit akasema, "Mwache yeye."

Wilhelmina alipewa ncha ya pili. Mikono yake ilizoea makarai ya dagaa, lakini safari hii aliishika ncha ile kama yai. Wanawake wale wawili walisimama mbalimbali, mmoja mlangoni mwa jiko, mwingine karibu na lango. Walivuta hadi kitambaa kikanyooka kama mstari. Wakakunja mara moja kwa urefu, wakavuta. Wakakunja tena, wakavuta. Halafu wakatembea taratibu kuelekeana, hadi mikono yao ikakutana.

"Umekishika vizuri," alisema Mama Surjit.

Evelina aliona machozi kwenye macho ya Wilhelmina, lakini Wilhelmina alisema ni ndimu.

Walipokuwa wakiaga, Mzee Harnam alikuwa anarudi kutoka karakanani. Alisimama langoni.

"Mama Tereza, na mimi nikuulize. Mbona dagaa wenu mnawaanika chini, kwenye mawe? Chakula cha watoto hicho. Ndege, mchanga, miguu ya watu. Nacho kina heshima yake."

"Tufanyeje, mzee? Ndivyo tulivyozoea."

"Jengeni chanja. Miti minne, fito juu, nyavu kuukuu. Hewa inapita chini na juu. Halafu wafunikeni kwa wavu mwingine, korongo abaki kutazama. Mbao chakavu ninazo, njooni mchukue."

Jumapili baada ya misa, Evelina na Wilhelmina walikwenda hekaluni kwa Masingasinga. Walikuwa wamealikwa. Mlangoni walivua viatu, wakanawa mikono, wakajitanda. Fundi mmoja wa karakana, Mkerewe, alikuja kichwa wazi. Alipewa kitambaa pale pale mlangoni, akafungwa, akaingia. Hakuna aliyemcheka.

Ndani walikaa chini kwenye zulia, wote sawa. Manjit alikuwa kijana mwembamba, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Babu yake alimfunga kile kilemba cha manjano, mkunjo juu ya mkunjo, bila haraka, huku watu wakiimba. Kilipokamilika, Manjit aliinuka, na Evelina akaona anasimama tofauti na alivyoketi. Mabega yalikuwa yamekaa sawa.

"Mtazame," Wilhelmina alinong'ona, na kunong'ona kwake watu wengi walikusikia. "Mtoto wa mfalme!"

Kisha kikaja chakula. Dengu, mikate, wali wa maziwa. Walikula wamekaa chini kwa mstari, mwenye duka la vipuri ubavuni mwa Wilhelmina, na aliyekuwa akigawa mikate ni Mzee Harnam mwenyewe.

Kuanzia wiki ile Wilhelmina alijenga chanja. Wenzake walicheka, halafu wakaona. Dagaa wake walikauka upesi, weupe, bila mchanga. Hata mvua ilipotishia, aliwafunika mara moja. Kabla ya masika kuisha, chanja zilikuwa zimejipanga mwaloni kama vitanda. Evelina naye aliendelea na kazi yake kwa Mama Surjit. Siku hizi alikuwa akiuliza, na Mama Surjit alikuwa akiuliza pia, habari za kwaya na za rozari, na kukunja vilemba kukawa kunachukua muda mrefu kuliko kuvifua.

Siku moja Chenge alikuja kununua dagaa. Alimkuta Wilhelmina bandani mwake, pamoja na Evelina na wanawake wengine wanaojaza magunia. Alikaa juu ya gunia, kofia yake kichwani.

"Nasikia mmekuwa Masingasinga siku hizi," alisema. "Hebu nipeni siri. Yule babu anaficha nini kichwani? Ni dola, au siyo? Mimi siku moja nitapita nyuma yake nikivute tu, tuone zinavyomwagika!"

Evelina aliacha kushona gunia. Zamani angenyamaza.

"Usiguse kilemba cha mtu, Chenge," alisema. "Hata kwa utani. Ni sala yake ile. Ukitaka kujua, nenda kamwulize. Atakupa na chai."

"Ah, mama, kitambaa tu kile."

Wilhelmina aliweka karai chini. Alijifuta mikono.

"Sawa, ni kitambaa tu," alisema kwa upole, na wanawake wote wakatega masikio, maana upole wa Wilhelmina ulikuwa haujawahi kuonekana mwaloni. "Basi na wewe vua hiyo kofia, tuone."

Mkono wa Chenge ulikwenda haraka kichwani, ukaishika kofia.

"Ya nini?"

"Nasema vua tu. Kofia si ni kofia? Tangu nikujue sijaona utosi wako. Msibani umeivaa, harusini umeivaa. Unaficha nini?"

"Mama Tereza, bwana, usinitanie. Kofia ya mtu ni ya mtu! Huwezi tu kumwambia mtu avue mbele za watu!"

Wanawake waliacha kujaza magunia. Hata kuku wa Wilhelmina alisimama.

"Umesikia ulivyosema?" Evelina alimwuliza taratibu.

Chenge aliinuka kutoka kwenye gunia. Aliwatazama wanawake wale, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyecheka. Akaishusha kofia yake vizuri hadi kwenye nyusi, akabeba gunia lake begani, akatoka.